Hodi Kutoka Juu ya Bati

Usiku wa kuamkia leo niliota, na sikula maharage mtu asije akanisingizia. Niliota mabishano yamezuka uani kwangu, Kihonda, saa sita mchana.

Kuna kitu kinazunguka juu ya bati la nyumba yetu. Ni cheusi, ukubwa wa pipa, na kila kikipita kinashuka kidogo. Mwalimu Kobelo, jirani yangu mstaafu, anasema ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine, tena wenye adabu zao. Mizani yangu ya kupimia vyuma chakavu, ambayo leo imevaa koti na kujiteua mwenyekiti, inasema huo ni upuuzi mtupu, hicho ni kipande cha roketi kilichochakaa. Mimi roho iko juu juu. Mama yumo ndani, na tangu avunjike nyonga hatembei bila mkongojo.

"Mkude," inasema Mizani, "wewe ndiye mnunuzi. Kitu usichokijua unakifanyaje?"

Najibu kama ninavyojibu kila siku kazini: nakigusisha sumaku. Kikinasa, ni chuma chakavu.

"Iandikwe," inasema Mizani. "Kinachonasa ni takataka, na takataka zikae huko huko juu."

Mwalimu Kobelo anaomba maoni yake nayo yaandikwe. Hayaandikwi.

Nainua sumaku yangu, ile niliyoitoa kwenye spika kuukuu. Kile kitu hakishtuki hata kidogo. Mlango wa nyumba ndio unaofunguka, na mama anatoka akielea, nyonga imetangulia, mpaka ananasa kwenye sumaku. Ole wangu, nilisahau chuma walichomwekea nyongani hospitalini.

Naieleza Mizani kwamba huyu ni mama yangu mzazi. Inanitazama kwa huruma na kusema sheria nimeitunga mwenyewe. Mama anabanduka taratibu, anapanda, anavuka bati, anaanza kuzunguka nyuma ya kile kitu.

Sasa uani pamekuwa chumba cha mtihani. Nimekaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamekwama. Mama anapita dirishani.

"Hodi," anasema kwa upole.

Anazunguka, anarudi, anapiga hodi ya pili. Mwalimu Kobelo, msimamizi wa mtihani, ananinong'oneza kwamba hodi ni tatu tu, na asiyeitikiwa huenda zake. Mizani nayo inaonya kwamba hao wawili wamefuatana, nikimkaribisha mmoja nimewakaribisha wote, na kile kitu kikiwa chuma kitatuangukia na kutuua. Naogopa. Nataka kwanza nifikiri.

"Hodi," anasema mama, sasa kwa mbali, na sauti imekuwa ndogo.

"Karibuni," nasema. "Karibuni nyote."

Kile kitu kinasimama hewani, kinakohoa. "Ahsante," kinasema. "Tulidhani hamna mtu."

Nikaamka. Kumekucha. Mama alikuwa amekaa barazani na mkongojo wake, analalamika kwamba kandambili yake moja haionekani. Nikaitafuta uvunguni, nikaitafuta jikoni, mwisho nikatoka uani nikatazama juu. Ilikuwa katikati ya bati.

Nikaichokoa kwa ufito, nikaja kumvalisha. Akanitazama nilivyoinama pale miguuni pake.

"Ulikawia kuitikia, mwanangu," akasema.