Kilo Sabini za Ubishi

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko uani kwangu huko Soni, nataka kuipandisha mashine ya kukata nyasi kwenye buti la gari. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuota ovyo. Nikilala nimelala.

Mashine ile ndiyo riziki yangu, na asubuhi nilitakiwa niwe nayo Mombo, kwenye shule moja yenye mahafali. Peke yangu siiwezi. Mwaka jana niliumia mgongo kwa sababu ya shemeji Hoza, kaka wa mke wangu. Tulihesabu moja, mbili, tatu. Mimi nikainua kwenye tatu, yeye akangoja tatu iishe. Nikalala chali wiki tatu. Tangu siku hiyo simpigii simu, naye hapiti hapa, na mke wangu Mwanaidi amechoka na sisi wote wawili.

Basi ndotoni nikainama kuishika mashine.

"Unafanya nini?" mashine ikauliza.

"Nakuinua."

"Kwa kuinama hivyo? Piga magoti. Mgongo wima."

Nikapiga magoti. Mashine imenyamaza. Umande unanilowesha, dakika zinapita, na mimi nipo tu.

"Sasa nini?" nikauliza.

"Mtu akipiga magoti mbele ya mkubwa wake, husemaje?"

Mashine yenyewe nimeinunua mtumba, kwa hela yangu. Lakini nilikuwa na safari.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umenitoa petroli?"

"Nimekutoa."

"Injini imepoa?"

"Injini ni yako. Mimi nitajuaje?"

"Ilikuwa imepoa. Kwa jibu hilo, subiri nusu saa."

Tukasubiri nusu saa nzima, ndotoni, mimi nimepiga magoti. Ndipo ikaniambia niikumbatie, maana mzigo mzito hukaa karibu na kifua. Nikaikumbatia. Ikasema, kwa moyo. Nikaikumbatia kwa moyo.

Hapo nikasikia baridi nyuma. Kugeuka, mgongo wangu umeshatoka, umesimama kando ya banda la kuku, umevaa ule mkanda niliopewa hospitali.

"Mimi siendi," mgongo ukasema. "Mpaka muwe wawili."

"Wewe ni mgongo wangu."

"Mwaka jana nilikuwa wako. Ukaniumiza kwa kiburi, ukamsingizia mwenzako. Mara hii nikiondoka sirudi, utakata nyasi za watu kwa kisu, umekaa chini."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yale maumivu ya mwaka jana. Nilikaa pale nimejikunja kama gunia tupu.

Sasa mashine imo kwenye buti, sijui nani kaipandisha, na mimi naifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama tunavyofunga kila kitu huku kwetu, kuanzia kabichi mpaka kitanda.

"Mimi kazi yangu kuvutika," mpira ukaniambia kwa upole. "Ukitaka kitu kisichosogea, tafuta kamba."

"Miaka yote nafunga kwa mpira."

"Haya. Usije ukasema sikukwambia."

Nikateremka zile kona zote za mlimani hadi barabara kuu. Kutazama nyuma, buti halipo. Mashine na buti vimebaki uani Soni, na mpira umevutika kona hadi kona, umenyooka kilomita zote hizo bila kukatika. Mpira haukusema chochote. Nilichukia kwamba haukusema.

Gari likasimama lenyewe juu ya mzani wa malori. Mpimaji ni kabichi, amevaa kizibao cha manjano.

"Gari, kilo mia nane," kabichi akasoma. "Dereva, hamsini na tano, maana hana mgongo. Ubishi, kilo sabini. Umezidisha. Shusha."

"Ubishi gani?"

"Sabini na moja," akasoma upya.

Mzani wa pili ulikuwa pembeni, na juu yake amekaa Hoza. Ubishi wake ulikuwa kilo sabini na mbili. Nilifarijika kidogo.

"Shemeji," nikasema.

"Shemeji."

"Tatu ni tatu."

"Sisi kwetu mtu husema tatu, halafu ndiyo huinua. Baba alitufundisha hivyo kwenye magogo."

"Si ungesema?"

"Si ungeuliza?"

Kabichi alikohoa. Ubishi ulikuwa umepanda, wake na wangu. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya malori, na madereva wote walikuwa Mwanaidi. Hakuna aliyepiga honi. Walitutazama tu.

"Niliumia, shemeji," nikasema. "Wiki tatu, na hukuja kuniona. Hilo ndilo lililoniuma."

Hoza akatazama viatu vyake.

"Nilikuja. Mara mbili nilifika mlangoni. Niliona aibu, nikarudi."

Mishale ya mizani ikaanza kushuka. Kabichi akaandika kitu, akatupungia mkono tupite.

Tuko uani tena. Tumepiga magoti, mimi upande huu na yeye upande ule, kwenye nyasi mbichi, mashine katikati.

"Iwe kwenye tatu," Hoza akasema. "Tatu yako."

Nikahisi mgongo unarudi mahali pake, taratibu. Tukahesabu. Moja. Mbili.

Nikaamka. Kumekucha, na mtu anabisha hodi. Mwanaidi akafungua mlango.

"Kaka," nikamsikia akisema, "umepita wapi na suruali hiyo?"

Nikatoka nimejifunga msuli wangu wa kulalia. Hoza alikuwa mlangoni, mwaka mzima hajafika, na kwenye magoti ya suruali yake kulikuwa na madoa mawili ya nyasi, ya kijani, bado mabichi. Akatazama msuli wangu. Na mimi nikautazama: magotini ulikuwa na madoa kama yale yale.

"Usiniulize," akasema. "Twende tukainue. Kwenye tatu."