Mtu wa Kumi na Tano

Habari hii sijamsimulia mtu, hata mke wangu, ingawa yeye ndiye aliyezifuma zile glavu.

Jumatatu ile ya Januari tulikusanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wanachama mia moja kamili wa kata yetu, kuamua nani chama kimsimamishe kugombea urais. Kwetu hapa Iowa, Marekani, kazi hiyo haina siri. Unakwenda kusimama kwenye kona ya mtu wako, majirani wote wakikuona, na ikifika zamu yako unataja namba yako kwa sauti. Kona isiyofikisha watu kumi na watano katika mia inavunjwa, na waliokuwemo wanatafuta pengine pa kusimama.

Jirani yangu Harlan Eilers ndiye aliyeongoza kona ya Gavana, mmoja wa wagombea. Gavana huyo aliwahi kukaa jikoni kwa Harlan, akala pai, akamsikiliza saa nzima akieleza jinsi mkewe alivyofia njiani kwa sababu hospitali ya mji wetu ilikuwa imefungwa. Tangu siku hiyo Harlan akawa mtu mwingine. Yeye ambaye kanisani huona haya hata kuomba apishwe apite, sasa alikuwa anagonga milango ya watu kwenye theluji. Mlango wa kwanza ulikuwa wangu. Nilipopasuliwa nyonga, mtu huyu alinikamulia ng'ombe wiki sita, asubuhi na jioni, na nikianza kumshukuru anabadili mazungumzo.

"Mimi ni wako, Harlan," nilimwambia. "Niandike."

Wiki moja baadaye nikakutana dukani na Marlys Brandt, mwenyekiti wa ushirika wa nafaka. Yeye alikuwa anaongoza kona ya Seneta, mpinzani wa Gavana. Mwanangu alikuwa ameomba kazi pale ushirika.

"Na wewe Verlyn ni wetu, sivyo?" akaniuliza.

"Bila shaka!" nikamjibu.

Hakunitisha, wala hakuniahidi kitu. Ni huu mdomo wangu tu, hauna breki.

Basi siku ikafika. Mwalimu Doris, aliyekuwa anasimamia mkutano, akatangaza dakika kumi za kujipanga. Marlys alisimama chini ya goli la kikapu na umati wake, akanipungia mkono. Harlan alikuwa upande wa pili, ameshika sahani ya keki, na watu wake kumi na wanne. Naye akanipungia.

"Verlyn! Njoo, bwana! Umebaki wewe tu!"

Nikajishika tumbo, nikakunja uso, nikakimbilia chooni.

Nikajifungia kwenye kijumba cha mwisho. Nilijiambia Harlan hatakosa mtu mwingine, ukumbi mzima ule. Niliyajua maneno hayo kuwa ni uongo hata nilipokuwa nayasema. Kupitia ukutani nikasikia hesabu: moja, mbili, tatu. Walipofika kumi na nne hesabu ikakoma.

"Verlyn yupo," nikamsikia Harlan. "Ameingia sasa hivi, nimemwona."

"Kama yuko chooni tutamngoja," akasema Mwalimu Doris. "Ila atoke mwenyewe, aseme mbele ya wote anasimama wapi. Nenda kamwangalie, Harlan. Nakupa dakika mbili."

Nikapandisha miguu juu ya choo. Mzee wa miaka sitini na tatu, nyonga ya chuma, nimejikunyata pale juu kama kuku. Mlango ukafunguka, buti zikaingia, zikasimama mbele ya kijumba changu.

"Verlyn? Unaumwa?"

Ningekohoa tu, angejua nimo. Nilifumba macho, nikabana pumzi. Buti hazikuondoka upesi. Nilisikia koti lake likichakarisha, kisha akashusha pumzi na kutoka.

"Hayumo," alisema kule ukumbini.

"Una hakika?"

"Nimeangalia kote. Hayumo, Mwalimu. Funga hesabu."

Nilipotoka, kona ya Gavana ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Wale kumi na wanne walikuwa wanatawanyika, mama mmoja analia waziwazi, na watu wa kona nyingine wanawavuta mikono kwa utani.

"Ulipotelea wapi, mzee?" Marlys akaniita. "Njoo huku, tunahesabu upya!"

Nikaenda. Ningekwenda wapi tena? Nikasimama chini ya goli, na hapo nikamwona Harlan anakata uwanja kuja kwangu. Nikatayarisha uongo mwingine.

"Tumbo, Harlan. Nilikwenda nje kupunga hewa, unajua tena..."

"Pole," akasema.

Akaingiza mkono kwenye koti akatoa glavu ya kijani, ya kushoto. Nilijipapasa mfukoni. Nilikuwa na moja tu.

"Ilikuwa sakafuni," akasema kwa sauti ya chini, ili Marlys asisikie. "Mbele ya kile kijumba cha mwisho. Ivae, nje kuna baridi."

Sikuweza kumtazama. Niliitazama glavu.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamuuliza.

"Wangekutoa mbele ya watu wote, Verlyn." Akatazama upande wa Marlys, kisha akanirudia mimi. "Kijana wako apate hiyo kazi."

Akaenda kukaa kwenye benchi peke yake, sahani ya keki magotini. Hakujiunga na kona yoyote. Nilitamani anitukane, anipige hata kofi, niwe na la kujibu.

Hesabu ikaanza upya upande wetu. Namba zikaja mtu kwa mtu, zikamfikia mtu aliyesimama kuliani kwangu, akasema, "Sitini." Harlan alikuwa ananitazama kutoka kwenye benchi.

"Sitini na moja," nikasema. Sauti yangu ilitoka safi kabisa, haikukwama hata kidogo.