Mkate Baridi wa Norvège

Barthélemy alikwenda Norvège, kule Ulaya, akiwa mtu wa bugali kama sisi, akarudi Goma hata harufu ya bugali inamchosha.

Mimi ni Philomène, mpishi wa ushirika wa jibini, pale kwenye depo yetu ya Katindo. Kazi yangu ni kuwapikia wafanyakazi, na zaidi wafugaji wanaoshuka kutoka milima ya Masisi. Mtu ametoka huko juu usiku, amekanyaga matope, amepita vizuizi, amefika na jibini kichwani. Kwanza anakula. Bugali ya moto, maharagi, sombe ya majani ya muhogo, na siku Mungu akipenda kipande cha nyama. Akishashiba ndipo jibini inapimwa na maneno yanaanza. Ushirika wenyewe ni wa hao wafugaji. Barthélemy walimchagua wao awe président, awashikie sanduku la fedha na ufunguo wake, ila jambo hilo alilisahau zamani.

Wazungu wa ushirika mmoja wa maziwa walimwalika akaone wanavyofanya kazi. Aliporudi alitukusanya uani, akapanda juu ya kreti ili tumwone vizuri, ingawa kwa tumbo lile hakuna aliyekuwa hamwoni.

"Ile inchi ni ndogo," alisema, "na batu yenyewe kidogo. Lakini mafuta iko chini ya bahari yao, tele! Na hawakule ile franga yote, banaiwekea batoto ya batoto yao. Ministre anapanda velo. Patron anatoka na mukate yake ku nyumba, ya baridi, ndani ya karatasi, anakula, kiisha anaosha kikombe yake ye mwenyewe!"

Tuliguna kwa mshangao. Nami nikafikiri, haya, angalau safari imemfundisha kutokula cha wenzake. Ujinga wangu. Alichojifunza ni kwamba sisi ndio tuache kula.

Kesho yake akatangaza kwamba jikoni patafungwa. Kuanzia siku hiyo chakula cha mchana ni vipande viwili vya mkate na jibini katikati, iliyoparuliwa kwa kisu kipana chenye tundu alichokinunua huko. Sijaona kisu chenye roho mbaya kama kile. Jibini inatoka nyembamba hata unaona kidole chako upande wa pili. Nchi inaelea juu ya mafuta, halafu watu wake wanaparua jibini!

"Na miye, Président?" nikamwuliza.

"Mama Philo, utafagia fagia na kukata mukate mpaka mwisho ya mwezi. Kiisha tutaangalia."

Tutaangalia! Aliyeishi Goma anajua neno hilo linavyomaliza kazi ya mtu. Nina watoto watatu wanaokula kwa sufuria ile, na baba yao hayupo tena. Nilirudi jikoni nikaliangalia jiko lililozimwa, nikalia, kisha nikajifuta nikaanza kukata mkate.

Yeye akanunua baiskeli, velo kama ya ministre. Kila asubuhi Ruffin, dereva wake, alimleta kwa jeep kutoka nyumbani kwake Himbi mpaka kona ya mwisho, anamshushia baiskeli, na Président anatufikia akikanyaga juu ya mawe ya volkano, jasho linamtoka, shati limetoka kwenye suruali. Saa sita anakaa barazani mahali pa kuonekana, anafungua karatasi, anatafuna mkate wake, anaosha kikombe bombani polepole. Kisha anapanda baiskeli yake kwenda "mkutano". Mkutano wenyewe ulikuwa nyumbani kwake, na samaki wa kukaanga wa mkewe Julie. Ruffin aliniambia huku akilamba vidole.

Mfugaji wa kwanza kupewa mkate huo alikuwa muzee Habarurema. Aliushika, akaufunua, akaitazama jibini yake mwenyewe, ya maziwa aliyoyakamua na kuyagandisha kwa mikono yake. Akamtazama Barthélemy anayeosha kikombe, na baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

"Mama Philo," akaninong'oneza, "huyu mutoto, aliuzisha nini juu ya kwenda Bulaya?"

Nikaelewa. Kwao wanawajua vijana waliouza ng'ombe na shamba ili wafike Ulaya, wakarudishwa mikono mitupu. Mtu aliyetoka huko akila mkate baridi na kupanda baiskeli, ugonjwa wake unajulikana. Ningeweza kumweleza. Nilimwambia tu kwamba Président hasemi mambo yake, na sijuti hata kidogo.

Habari ikapanda mlima. Siku yangu ya mwisho ya kazi, wafugaji waliingia uani kundi zima, na hakuna aliyebeba jibini. Walibeba maharagi, viazi, kabichi. Mama Pascasie, mjane mwenye ng'ombe wengi kuliko wanaume wote pale, alikuwa na kuku kwapani na kitenge kilichokunjwa vizuri, cha kumpa Julie. Wakakaa kama watu waliofika kwenye matanga.

"Barthélemy, mutoto wetu," Habarurema akaanza. "Tumesikia. Ulienda, haikukubali, ukarudi bila kitu. Si haya, inafikiaka kila mutu. Tumekuletea chakula."

Barthélemy akacheka. "Hapana, muzee! Hamukufahamu. Hii ni tabia ya batajiri. Kule Norvège..."

"Njo vile banasemaka bote benye balirudishwa," Mama Pascasie akasema kwa huruma, akamwekea kuku miguuni.

"Kitu moja tu," Habarurema akaendelea. "Mutu mwenye njaa hawezi kushika sanduku ya benzake. Hatuseme uko mwizi. Ni njaa, na njaa haina rafiki. Tupatie ufunguo. Ushibe kwanza."

Mkono wa Barthélemy ulikwenda kiunoni ulipofungwa ufunguo. Nilisimama mlangoni na beseni la viazi, na kwa mara ya kwanza mwezi ule nilikuwa na furaha. Akikubali kwamba ni maskini, ufunguo umekwenda. Kukataa nako kuna shida yake, lakini kuku alikuwa amemdhalilisha mno, hakufikiri.

"Mimi maskini? Mimi?" akapiga kelele. "Nyumba ya étage, gorofa nzima, kule Himbi ni ya nani? Parseli ya udongo kule muji ya Kiwanja ni ya nani? Niko na jeep mbili! Ruffin! Ruffin, leta jeep bayione!"

Ruffin aliileta. Iliingia uani ikimetameta, na nyuma kuna rafu ya kubebea baiskeli. Wafugaji wakasimama. Habarurema aliizunguka polepole, akapapasa mlango, akachungulia viti vya ngozi.

"Mungu asifiwe," akasema. "Kumbe uko muzima."

Kisha akageuka. Huruma ilikuwa imemtoka usoni yote.

"Sasa tuambie, Barthélemy. Wakati tulikuchagua ulikuwa na suruali moja. Hii yote, ulitoa wapi?"

Kuku alikuwa akidonoa karatasi ya mkate.

"Kule Norvège..." Barthélemy akaanza. Akatutazama mmoja mmoja kana kwamba kuna ambaye angemmalizia. Mama Pascasie alinyoosha mkono, na safari hii hakuwa akimhurumia. Ufunguo ulifunguliwa kutoka kiunoni, ukawekwa kiganjani mwake.

"Mama Philo," Mama Pascasie akaniita bila hata kugeuka, "washa moto. Tuko na njaa."

Nikawasha. Yule kuku wa maskini tulimla sisi, wa moto, na mchuzi mzito na bugali. Barthélemy alikuwa bado amekaa barazani, kwa sababu Mama Pascasie alisema hatoki mpaka wazungumze. Sikumsahau. Nilimkatia vipande viwili vya mkate, nikatafuta kile kisu chake, nikamparulia na jibini.