Jino la Papa Kinyunguni

Idda alikuwa akichimba viazi kwenye kinyungu chake, bustani ya bondeni kule Uwemba, jembe lilipogonga jino la papa. Lilikuwa pana kama kiganja, jeusi, kingo zake kali kama msumeno. Alilifuta kwa kanga, akaenda nalo nyumbani, akaipa nyumba mgongo na kulirusha juu ya bati, kama alivyorusha meno ya utoto ya wanawe wote, ili mwenyewe aote jingine. Jino la mtu haliachwi likizagaa shambani.

Papa akaota jingine. Kesho yake alipita chini ya matuta, mkubwa kuliko lori la mbao, udongo ukipanda na kushuka taratibu. Alikuwa mstaarabu. Kila alipopita viazi vilijitokeza juu vyenyewe, vizima, na Idda, ambaye kiuno kilimsumbua, akavizoa bila kushika jembe.

"Kamwene," alimsalimia, maana kupishana kimya kimya ni utovu wa adabu.

Viazi hivyo vilikuwa vyake vya mwisho. Tangu mumewe Nahumu afariki, shemeji yake Ebeneza alilimezea mate bonde lile, apande parachichi, na kikao cha ukoo kikampa. Walisema Idda alikuja tu kuolewa, hana alama yoyote pale. Roho ilimuuma mpaka machozi yakagoma kutoka.

Jumamosi alikuja Conjesta, mjukuu wake, mwalimu wa baiolojia Makambako, kumsaidia kufunga mizigo na kumchukua akakae naye. Papa alipita, wakasimama pembeni kumpisha. Kisha, nyumbani, Conjesta akayapanga kwenye ungo meno mengine ya papa yaliyookotwa matutani.

"Haya yaliyotoka chini kabisa ardhini, yenye kingo laini na vijino pembeni, ni ya mabibi zake. Waliofuata wakaota msumeno, vijino vikapotea, nao wakazidi kuwa wakubwa."

"Na mifupa yao iko wapi?"

"Papa hana mfupa, bibi. Ana gegedu, kama hili la sikio. Linaoza lote. Meno ndiyo yanabaki kusema alikuwepo." Akafikiri kidogo. "Ila kwa vitabu, hapa hapajawahi kuwa na bahari."

"Kwa kikao, hata mimi sijawahi kuwa hapa," Idda alisema, akamsogezea kiazi cha kuchemsha.

Idda naye akauma chake. Jino lake lililokuwa likicheza tangu Pasaka likabaki humo. Conjesta alinyoosha mkono alipokee, akalirushe batini.

"Hili hapana, mwanangu."

Alishuka bondeni, akafukua kwa vidole, akalifukia katikati ya matuta. Udongo ukapanda chini ya kiganja chake, ukatulia hapo kama mgongo wa mtoto aliyelala, ukashuka. Hapo ndipo Idda alipolia, akalia vizuri, mpaka akashiba.

Jumatatu Ebeneza alikuja na miche yake. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa kwenye gari.

"Shemeji, hujasahau kitu?"

"Sijasahau, shemeji. Nimeacha."

Gari likaondoka kuelekea Makambako. Ebeneza alianza kuchimba mashimo. Udongo ulipoinuka mbele yake aliinua jembe, akasogea pembeni, akampisha papa kwa heshima zote mpaka akaisha kupita. Kisha akarudi palepale, akapanda mche wa kwanza.