Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi cherehani alikuwa na uchovu ule usioishia kitandani, na usingizi wenyewe ulikuwa umemkimbia. Wiki nzima alikuwa akijigeuza usiku kucha, na mama watoto alipomuuliza alijibu, "Joto tu hili."

Zamani maradhi ya akili yaliwahi kumwangusha. Alijifungia chumbani, akaacha kuoga, akawa anabishana na ukuta, mpaka kaka yake akampeleka hospitali. Alipona, akarudi kwenye cherehani yake, na tangu hapo muuguzi wa kliniki humletea watu waliotoka wodini wapate pa kushinda.

"Siku hizi unashona nguo au unashona watu?" mshona viatu wa jirani humtania.

"Pita ndani nikupime," Fundi humjibu.

Safari hii aliletewa mwalimu wa kike, mwenye miwani isiyotulia puani. Kila mchana alikuja kupiga bandi, zile nyuzi ndefu za kushikiza kitambaa kabla hakijapita kwenye cherehani. Kazi hiyo Fundi humpa kila anayekuja, maana ukikosea unavuta uzi, basi, hakuna kilichoharibika. Kesho asubuhi Mwalimu angerudi shuleni. Alikuwa akiogopa geti, walimu wenzake, na wanafunzi waliomwona siku alipoangua kilio mbele ya ubao. Fundi alikuwa ameahidi kumsindikiza.

"Fundi," aliita Mwalimu, ameshika vipande vya koti. "Huyu mteja wako yukoje?"

"Yukoje vipi?"

"Ana mikono miwili ya kushoto?"

Fundi alivipokea, akavitandaza mezani. Kweli. Alikuwa amekata mkono wa kwanza, akasahau kugeuza karatasi ya kukatia, akakata wa pili vilevile. Kosa la anayejifunza, na kitambaa chenyewe kimekwisha.

"Macho haya," alisema. "Uzee."

"Mh! Na jana uliponipa sindano haina uzi, ukaniambia nishone?"

"Si ulicheka?"

"Nilicheka kwa adabu."

Fundi alitaka kucheka, uso ukakataa. Mara ngapi alimwambia huyu: usingizi ukikukimbia, sema mapema, usingoje kuulizwa? Sasa yeye ameulizwa na ulimi umekuwa mzito. Akisema, Mwalimu kesho hatakanyaga shuleni. Atajiambia, kama maradhi yamemrudia Fundi, mimi ni nani? Asiposema, atakuwa amemfundisha kuficha.

Akavuta kiti, akakaa.

"Si macho. Wiki hii sijalala. Hata mara ile ya kwanza maradhi yalianza hivihivi."

Nje, nyundo ya mshona viatu iligonga, ikatulia, ikagonga tena.

"Kwa hiyo hayaishi," alisema Mwalimu.

"Yangu hulala. Yakijitikisa, nawahi kliniki kabla hayajaamka."

"Mbona safari hii hujawahi?"

"Nilikuwa nangoja wewe uingie shule kwanza."

"Hee! Fundi, mzigo huo usinitwishe mimi." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Mama nyumbani anajua?"

"Anajua joto."

"Leo utamwambia. Na kesho unakwenda kliniki."

"Na wewe je?"

"Kliniki si iko mbele kidogo ya shule, ukikata kona? Tutapita pamoja."

Asubuhi walitembea taratibu, kila mmoja akiburuta miguu yake. Mama watoto, alipoambiwa usiku, alikasirika, kisha akampigia pasi shati. Getini Mwalimu alisimama, mkoba kaukumbatia kifuani. Fundi alitafuta neno la kumpa, lile analowapa wote. Halikuja.

"Ingia," alisema tu.

"Tangulia wewe. Nikuone umekata kona."

"Utanitoroka."

"Au wewe ndiye utakayenitoroka?"

Akaenda. Kabla ya kona aligeuka kumtazama. Mwalimu alikuwa bado amesimama, anamlinda kwa macho kama alivyosema, ila tayari alikuwa upande wa ndani wa geti. Fundi aliinua mkono, mzito kama pasi ya mkaa, akakata kona.