Sanduku la Majibu

Ofisi yetu ya maji ilinunua sanduku la kuwajibu watu kabla haijanunua hata bomba moja jipya. Mkurugenzi alisema bomba linaweza kusubiri, limeshazoea, lakini wananchi wamechoka kusubiri majibu. Basi mtu akifungua mfereji nyumbani ukakohoa hewa, alitakiwa aje aiulize mashine.

Mimi nilikuwa mfagizi pale. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ilikuwa kupiga deki, kuchemsha chai na kunyamaza. Kwa hiyo ya mwisho hakuna aliyewahi kunilalamikia, na ndiyo maana kijana aliyelileta sanduku aliongea mbele yangu bila kuficha kitu. Tulimwita Chaja, kwa kuwa alitembea na waya shingoni kama daktari na kipimo chake.

"Dada, sogeza ndoo kidogo," aliniambia asubuhi ya uzinduzi, amepiga magoti chini ya meza. "Wageni wako njiani, na programu yenyewe sijaiandika."

"Sasa watazindua nini?"

"Mfano."

Akanieleza huku anachomeka waya, kama mtu anayejisemesha. Ndani ya lile sanduku kubwa la bluu kulikuwa na kibao kimoja tu, upana wa kibiriti, chenye chipu. Kibao kile huongea na kompyuta kwa waya wa USB, na kuna watu huko mbali walishaandika maktaba nzima ya programu za kukifundisha kuongea, ili kila fundi asianze na alifu. Maktaba hiyo huja na mifano yake, vijiprogramu vifupi vya kukuonyesha kwamba waya haujakatika na chipu iko hai. Mmoja huwasha taa na kuizima. Mwingine hukifanya kibao kijidai kipanya, mshale ukazunguka wenyewe kwenye skrini. Mwingine hupokea unachoandika na kukurudishia hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Basi?"

"Basi. Ni mwangwi, dada. Unaita kisimani, kisima kinakuitikia."

Alianza na ule wa kipanya. Mkurugenzi akaingia kukagua, akakuta mshale unazunguka na hakuna mkono uliougusa. Akasimama, mikono nyuma.

"Inafanya nini?"

Chaja akatoka chini ya meza. "Inatafuta, mzee."

"Inatafuta nini?"

"Suluhisho."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuta wenzake wakisali. Lakini wageni wasingekaa kutwa nzima kutazama mshale ukitafuta, kwa hiyo Chaja akautoa, akaweka ule wa mwangwi na kuuunganisha na printa. Mgeni mkubwa kuliko wote akaandika HONGERENI. Printa ikakoroma, ikatoa karatasi yenye nembo yetu, chini ya nembo JIBU LA OFISI, na chini yake HONGERENI. Watu wakapiga makofi mpaka chai ikapoa. Chaja akaniambia pembeni kwamba programu yenyewe ataileta wiki ijayo. Kisha akapotea, kama wapoteavyo mafundi wote wa wiki ijayo.

Mkurugenzi akatuita ukumbini. "Kuanzia leo jibu la sanduku ni jibu langu," alisema. "Asiyelitekeleza ajihesabu hayupo."

Alihitajika mtu wa kukaa kwenye sanduku awaandikie wasiojua kubonyeza. Makarani wakatazamana. Kukaa pale maana yake ni kutazamana na foleni uso kwa uso, na hilo si jambo la mtu mwenye kiti cha kuzunguka. Wakakumbuka kwamba mfagizi anajua kusoma. Nikaegemeza ufagio ukutani, nikapewa muhuri.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye dumu tupu. "Andika hivi, binti. Maji hayatoki tangu mwezi uliopita, na wajukuu wanaoga kwa zamu." Nikaandika. Printa ikakoroma. Nikamsomea jibu: maji hayatoki tangu mwezi uliopita, na wajukuu wanaoga kwa zamu. Mzee akavua kofia.

"Hawa wamenielewa," alisema. "Umri wote huu, ofisi haijawahi kunielewa namna hii. Hata wajukuu wamewakumbuka."

Akatoka na karatasi yake amejaa furaha, na dumu lake limejaa upepo.

Nakala ya kila jibu ilikwenda kwa Spana, mfungua valvu. Alikaa kwenye benchi la koridoni na spana yake kubwa mapajani, ameipakata kama mtoto aliyelala. Valvu zote za mji zilikuwa mikononi mwake, na nyumbani kwake kulikuwa kukavu kuliko kwetu.

"Mimi mtu wa karatasi," alikuwa akisema. "Bila karatasi sigusi. Mke wangu mwenyewe nimemwambia akapange foleni."

Nilimpelekea jibu la yule mzee. Akalisoma, akaligeuza, akatazama kama nyuma kuna kitu.

"Hii ni habari, mdogo wangu. Habari husomwa, kazi hufanywa. Hapa nimeambiwa nifanye nini?"

"Hujaambiwa kitu."

"Umeona." Akalitundika kwenye msumari. Baada ya muda msumari ule ulinenepa kwa habari mpaka ukainama, na watu wakaendelea kutoka pale wameridhika na midomo imewakauka.

Sasa nyumbani. Aliyenilea ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, na alinilea kwa kufua. Shuka zote za gesti ya kona zilipita mikononi mwake. Maji yalipoanza kupotea, shuka zikaanza kuchelewa, na msimamizi wa gesti akaja mwenyewe mpaka kwenye kamba za nguo.

"Mama, nakuheshimu," alimwambia. "Ila Ijumaa zikichelewa tena, kazi naipeleka kwa yule mwenye mashine ng'ambo ya mji. Wageni hawalali juu ya heshima."

Mama mkubwa akaendelea kuanua shuka. Kesho yake nikamwona kwenye foleni ya ofisini, mikono ameifunga kifuani. Foleni ilimpisha. Watu humpisha hivyo hata msibani.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo, mama."

"Andika."

"Mama, wenzako huanza na salamu."

"Salamu niliwapa mwaka jana, hawajaitikia. Andika. Spana aende alfajiri afungue valvu ya mtaa wa nyuma ya shule, aiache wazi mpaka jua lizame."

Vidole vyangu vikasita. "Mama, hapa watu huleta malalamiko."

"Nimlalamikie nani, sanduku? Nguo chafu huilalamikii, unaiambia ingia kwenye beseni. Andika, mwanangu, jua linapanda."

Nikaandika. Printa ikakoroma. Nembo, JIBU LA OFISI, na chini yake: Spana aende alfajiri afungue valvu ya mtaa wa nyuma ya shule, aiache wazi mpaka jua lizame. Nikapiga muhuri. Mama mkubwa akaitazama karatasi bila kushangaa. Yeye amezoea kusema jambo likarudi vilevile alivyolisema.

Spana aliisoma amekaa, akairudia amesimama.

"Wamenitaja jina," alisema polepole. "Na muda wamenipa, na mtaa." Akaifuta spana kwa shati lake. "Hii sasa ndiyo ofisi."

Alfajiri mfereji wetu ulikohoa, ukatema kutu, ukatoa maji. Ijumaa shuka zilifika gesti kabla wageni hawajaamka.

Mtaa hauna siri. Mama mkubwa aliwaambia wanawake wa kwenye kamba, nao wakawaambia waume zao kwa sauti ile ambayo mume husikia mara moja. Ndani ya wiki hakuna aliyekuja tena kulalamika. Walikuja wakiamuru. Valvu ya huku ifunguliwe, bomba la kule lizibwe leo. Spana alikonda, akawa anatembea akila, lakini usoni aling'aa kama bwana harusi. Hata mkewe alikuja akaamuru, na usiku ule Spana alioga kwao.

Wengine walivuka mpaka. Kuna aliyenitaka niandike kwamba jirani yake apunguze redio. Nikamwambia hii ni ofisi ya maji. Akanijibu, "Andika, dada, maji yanapita kwangu na kwake." Karatasi ikatoka na muhuri, jirani akapunguza. Bibi mmoja akaamuru mkwewe apige hodi kabla ya kuingia. Nasikia anapiga hodi mpaka leo, hata kwenye milango iliyo wazi.

Mkurugenzi naye alikuja siku moja, watu wakiwa wamekwenda kula. Alikaa kwenye kiti changu, akaniambia nigeukie dirishani. Nikageuka, lakini printa ya kwetu haijui kunong'ona. Alipotoka alikuwa amekumbatia karatasi, na kesho yake tukaikuta ukutani ofisini kwake, ndani ya fremu: MKURUGENZI HUYU ANASTAHILI CHEO KIKUBWA ZAIDI.

"Sikuomba," aliwaambia makarani. "Mashine imeona yenyewe."

Ndipo Chaja akarudi. Ile wiki ijayo yake ilikuwa imeota ndevu. Alikuja na kibao kipya mfukoni, akakichomeka kwenye sanduku. Cha zamani akakitupa kwenye droo yangu, pamoja na waya zilizokatika.

"Pole kwa kuchelewa," alimwambia mkurugenzi. "Kile kilikuwa mfano tu. Hii sasa ndiyo programu yenyewe."

Mkurugenzi akageuka kutazama kwenye ukuta wa fremu yake. "Mfano wa nini?"

"Mfano wa, eh, wa jinsi itakavyokuwa nzuri."

"Hapo sawa."

Programu yenyewe ilikuwa na adabu zake. Ulipoiandikia amri, ilijibu: Ombi lako limepokelewa. Linashughulikiwa. Asante kwa subira yako. Ukiiandikia tusi, ilijibu hivyo hivyo. Nikampelekea Spana karatasi za siku nzima. Akazisoma zote, akitafuta jina lake.

"Linashughulikiwa na nani?" aliniuliza.

"Haijasema."

"Basi si mimi." Akakaa kwenye benchi, akaipakata spana.

Kesho yake mfereji wetu ulikohoa, ukanyamaza. Ilikuwa Alhamisi. Nilimkuta mama mkubwa ameinama juu ya mabeseni, shuka zimejaa sabuni na hakuna tone la kuzisuuza. Povu lilikuwa linakauka, linashika kitambaa kama ukoko.

"Mliambiwa nini leo?" aliniuliza, hajainua kichwa.

"Tumeshukuriwa kwa subira."

Akakamua shuka isiyokuwa na maji. "Kesho msimamizi anakuja," alisema. "Mimi subira sikumpa mtu."

Usingizi haukunipenda. Asubuhi nilifika ofisini kabla ya makarani, nikapiga deki kwanza, maana deki ni deki. Kisha nikafungua droo. Chaja alipokuwa anachomeka nilikuwa namtazama, na waya wenyewe hauna elimu, unaingia upande mmoja tu, ukikataa unaugeuza. Nikachomoa kibao kipya, nikarudisha cha zamani. Kile kipya sikukitupa. Nilikichomeka kwenye chaja ya simu pale juu ya sanduku, kikaanza kuwasha taa ya kijani na kuizima. Kilipendeza. Makarani walipofika walisema mashine imechangamka leo.

Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kwenye foleni. "Andika," alisema. "Spana aende sasa hivi afungue ya nyuma ya shule, asimalize hata chai." Printa ikakoroma. Nikapiga muhuri, nikampelekea Spana mwenyewe, na nilimwona akiiacha chai.

Niliporudi, nilimkuta Chaja amesimama kwenye meza yangu. Alikuwa amekuja kuona kazi yake inavyoendelea. Mkononi alishika nakala ya lile jibu, akalisoma, akatazama ile taa ya kijani inayowaka na kuzimika. Akafuata waya kwa macho mpaka ulipoishia, kwenye soketi ya ukutani. Kisha akainama chini ya meza, akakaa huko kwa muda.

Nilisubiri. Kumsubiri mtu si kazi ngeni kwangu. Nilichokuwa nahesabu ni shuka tu, kama zitasuuzwa zote kabla hajainuka.

Aliinuka, akajipangusa magoti. Shati lake halikuwa limefuliwa siku nyingi, lilikuwa na chumvi kwapani. Akatazama foleni, akatazama mlango wa mkurugenzi, akashusha sauti.

"Dada."

"Naam."

"Andika na mtaa wetu."

Nikaandika. Akasubiri karatasi yake kama wenzake, akaipokea kwa mikono miwili.

Mchana Spana alirudi amelowa mpaka magotini, akaikuta nyingine inamsubiri kwenye benchi, mtaa wa akina Chaja kule bondeni, afungue leo leo. Akaisoma, akashusha pumzi, akaibeba spana begani.

"Hii mashine mpya haina huruma," aliniambia. "Angalau ile ya kwanza ilikuwa inaniacha ninywe chai."