Baba Ajiunga na Darasa la Kuchora

Binti alianza na kupaka rangi, akahamia kuchonga mbao, akaingia kwenye kufuma, na siku hizi alikuwa akimulika picha za mwanga kwenye kuta tupu. Katikati ya yote hayo alifundisha sanaa jioni, katika ukumbi ulionuka gundi na tapentaini. Baba yake, mpima ardhi mstaafu, hakuwahi kukanyaga kwenye onyesho lake hata moja. Akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Mwalimu." Wakizidi kumdadisi, aliongeza, "Wa hesabu."

Basi jioni moja mzee akaingia darasani, rula ya chuma kwapani, akaketi safu ya nyuma.

"Baba, kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani kumepoa. Nimejiandikisha."

"Humu ndani utaniita Mwalimu."

"Sawa, Mwalimu," akasema, bila hata kutabasamu.

Fundi cherehani, jirani yao, akageuka kitini. "Mzee, si ulituambia binti yako ni wa hesabu?"

"Alikuwa. Amehamishwa kitengo."

Zoezi lilikuwa kuchora chungu. Wengine walitoa vyungu vilivyobonyea. Mzee alitoa kisanduku.

"Hiki kina pembe," Mwalimu alisema.

"Ndivyo nilivyokiona."

Wiki iliyofuata walichora paka wa bawabu. Paka wa mzee naye alikuwa na pembe, na afadhali zingekuwa za kichwani.

Uvumilivu ukamwishia Mwalimu. Mbele ya darasa zima akainyakua rula, akaifungia kabatini. "Chora kwa mkono mtupu, Baba."

Mzee akakusanya vitu vyake taratibu, akaondoka. Kipindi kilichofuata hakuonekana.

Mwalimu alimfuata nyumbani, akamkuta mezani na karatasi nyeupe. Penseli ilikuwa ikichezacheza vidoleni mwake kama inayosikia baridi.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijastaafu. Rula huutuliza mkono."

Aibu ilimpanda Mwalimu hadi masikio yakawaka moto. Alivuta kiti, akatoa kipande cha mkaa mkobani, akamwekea baba yake kiganjani.

"Usiuzuie mkono. Uache utembee."

"Nitaharibu."

"Karatasi yenyewe yangu."

Mzee akachora kiti kilichokuwa mbele yake. Kilitoka kikitetemeka miguu yote minne, kama mgonjwa anayejaribu kusimama kwa mara ya kwanza.

Siku ya onyesho la wanafunzi, Mwalimu naye alionyesha picha zake za mwanga, kazi iliyomla mwaka mzima. Watu walizipitia kwa adabu, kisha wakaenda kujazana mbele ya mchoro wa kiti cha mzee. Mwandishi wa gazeti alimuuliza mzee alimaanisha nini.

"Nilimaanisha kiti."

Mwandishi akaandika kwa makini sana.

Mwalimu alichomwa na wivu, tena wivu wa kweli, wa kumwonea mzazi wake mwenyewe. Alijificha nyuma ya pazia, akacheka peke yake, akajifuta macho, akarudi kuwakaribisha wageni.

Walipokuwa wakifagia ukumbi, mzee akauliza, "Muhula ujao tunafanya nini, Mwalimu?"

"Kudarizi."

"Sindano sitaiweza."

"Nitakutungia uzi."

Mzee aliegemea fagio, akafikiri kidogo. "Mwekundu," akasema.